Krismasi imefika, moyo wako uko salama?



Mpendwa msomaji, leo ni Jumapili ya mwisho ya Majilio. Mshumaa wa nne umewashwa makanisani, kwaya zimekaribia kupoteza sauti kwa mazoezi, na pale Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, abiria wamejipanga na mabegi, madumu ya mafuta na magunia ya mchele. Wanakwenda nyumbani: Moshi, Arusha, Singida, Mbeya, Bukoba. Msalimie yeyote kati yao. Muulize habari za safari, habari za watoto, habari za mwaka. Atakujibu neno moja: salama.

Lugha yetu ina adabu hiyo. Hata aliyetoka kuzika huanza kwa kusema salama, ndipo aongeze, "ila tumefiwa." Mgeni anayejifunza Kiswahili hushangaa. Sisi hatushangai, tunajua kwamba habari yenyewe inakuja baada ya "ila".

Desemba hii "ila" ni nyingi. Yupo anayesema salama huku simu mfukoni imejaa ujumbe wa kumkumbusha marejesho ya mkopo, ile mikopo ambayo mitaani watu wameibatiza jina la kausha damu. Yupo anayekwenda nyumbani ambako hajasemezana na kaka yake tangu kikao cha kugawana shamba. Yupo mama ambaye kwa mara ya kwanza atapika pilau ya Krismasi na sahani moja haitakuwa na mwenyewe. Yupo kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita, na anajua kabisa swali ambalo baba wadogo na shangazi watamuuliza kabla hata hajakaa. Wote hawa wataingia kanisani usiku wa mkesha. Habari ya malaika itasomwa, neno amani litatajwa, na kila mmoja atajiuliza kimoyomoyo kama neno hilo linamhusu.

Swali lao ndilo ninalotaka tulitafakari leo. Je, amani iliyotangazwa Bethlehemu inaweza kukaa ndani ya mtu ambaye shida yake haijaondoka?

Tuisome habari yenyewe polepole, maana tumeizoea mno. Luka, katika sura ya pili, anaanza kwa kumtaja Kaisari Augusto na amri yake ya kuandikisha watu. Wengi huipita aya hiyo haraka ili wafike kwa malaika. Lakini Luka alijua anachofanya. Augusto ndiye aliyesifiwa katika dola nzima kuwa mleta amani. Mwaka wa 9 kabla ya Kristo, mjini Roma, iliwekwa wakfu madhabahu ya marumaru iliyoitwa Madhabahu ya Amani, kwa heshima yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, barabara zinapitika, biashara inakwenda. Amani hiyo ilikuwa ya kweli kwa namna yake, na mtu aliyewahi kukimbia vita hataibeza. Lakini ililindwa kwa majeshi, majeshi yalilipwa kwa kodi, na kodi inahitaji daftari la majina. Ndiyo maana fundi mmoja wa Nazareti na mchumba wake mjamzito walijikuta njiani, safari ya zaidi ya kilomita 100 za milima na mabonde, kwenda kuandikishwa mji wa asili wa ukoo. Kwao amani ya Kaisari ilifika kama usumbufu.

Katika nchi ya Uyahudi aliyetawala kwa ridhaa ya Roma alikuwa Herode. Huyu nataka tukae naye kidogo, kwa sababu kama usalama ungeweza kujengwa kwa mawe, Herode angekuwa mtu mwenye amani kuliko wote katika Biblia. Alikuwa na kasri Yerusalemu na jingine Yeriko. Alikuwa na ngome ya Masada juu ya jabali kando ya Bahari ya Chumvi, na humo maghala ya chakula na matangi ya maji yaliyochongwa mwambani, ili siku akiikimbilia asipungukiwe. Na kilomita kama 5 hivi kutoka Bethlehemu alijenga Herodioni, ngome ya duara juu ya kilima ambacho kimo chake kiliongezwa kwa kumwagiwa udongo na kifusi. Ukiwa upande ule wa Bethlehemu unakiona kilima hicho mpaka leo.

Mtu mwenye ngome zote hizo alimuua mkewe Mariamne kwa sababu ya kumshuku. Kisha akawaua wana wawili aliozaa na huyo Mariamne. Siku chache kabla ya kufa kwake mwenyewe, mwaka wa 4 kabla ya Kristo, akaamuru mwanawe mwingine, Antipatro, auawe. Haya yaliandikwa na Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1. (Usishangae kuona Herode anakufa "kabla ya Kristo", mtawa Dionisio, ambaye hesabu yake ya karne ya 6 ndiyo msingi wa miaka tunayoihesabu, alipishana na ukweli kwa miaka michache.) Basi Mathayo anapotuambia kwamba Herode alifadhaika kusikia mamajusi wanamtafuta mtoto aliyezaliwa, hatuna haja ya kustaajabu. Mzee wa karibu miaka 70, mwenye askari na kuta, anakosa usingizi kwa habari ya mtoto mchanga. Katika simulizi nzima ya Krismasi, mwenye ulinzi mkubwa kuliko wote ndiye asiyetulia.

Mwaka 2007 mwanaakiolojia Ehud Netzer wa Israeli alitangaza kwamba amelipata kaburi la Herode palepale Herodioni. Jeneza la jiwe lilikutwa limevunjwavunjwa vipande vipande.

Sisemi kujenga uzio ni dhambi. Mimi mwenyewe usiku nafunga mlango na komeo. Lakini jiulize ni mara ngapi umejiambia kwamba utatulia ukishamaliza nyumba, ukishalipa kiwanja, ukishapata ile kazi ya kudumu, ukishamtoa mtoto wa mwisho shuleni. Nyumba ikaisha. Halafu ukaanza kuogopa wezi.

Sasa tazama upande wa pili wa mashamba yaleyale. Wapo wachunga kondoo, wanakesha zamu ya usiku, wanaogopa baridi, wezi na mbwamwitu. Habari inawafikia wao: amani duniani kwa watu ambao Mungu amewaridhia. Soma mwenyewe Luka 2 uone kama kuna mahali malaika aliwauliza wameandaa nini. Hawakuuliza kama wamesamehewa madeni, kama wanasali, kama wana nguo safi za kwendea kumwona mtoto. Amani ile ilianzia kwa Mungu kuwaridhia, nao wakaipokea wakiwa vilevile, wananuka kondoo.

Halafu ipo aya ya 20, ambayo mahubiri ya Krismasi mara nyingi hayafiki. Inasema wachunga kondoo walirudi. Walirudi wapi? Kazini. Kondoo walewale, baridi ileile, Herode yuleyule kilimani, kodi ileile ya Kaisari. Ukiitafuta katika maisha yao dalili moja ya nje kwamba mambo yamenyooka, huipati. Lakini Luka anasema walirudi wakimsifu Mungu. Kama amani ya Krismasi ingekuwa ni kuondolewa matatizo, watu hawa wangekuwa wa kwanza kulalamika kwamba wametapeliwa.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni ndiyo, inaweza. Lakini hapa naomba tuwe waangalifu, maana jibu hilo limetumika vibaya sana.

Neno amani lililokuwa vinywani mwa Mayahudi ni shalom. Ni ndugu wa neno la Kiarabu salaam, na kutoka huko sisi tulipata salamu, salama na usalama. Kumbe yule abiria wa Mbezi anayekujibu salama anatumia neno la ukoo mmoja na lile la manabii. Shalom maana yake ni kuwa mzima, kukamilika, kutopungukiwa. Na liko jambo ambalo ningependa kila mwenye ugomvi wa mali alijue kabla ya kufika nyumbani: katika Kiebrania, kitenzi cha kulipa kilicho na maana ya kurudisha kilichochukuliwa kinatoka katika mzizi huohuo. Ukifungua Kutoka sura ya 22, pale Musa anapoagiza kwamba aliyeiba ng'ombe au kondoo sharti alipe, neno la kulipa ni jamaa wa karibu wa neno la amani. Kwa watu wale, palipochukuliwa kitu pasipo haki palikuwa na tundu, na amani ilirudi tundu likizibwa.

Wale mnaokwenda Kilimanjaro mnajua uzito wa kihamba. Humo ndimo mlimozaliwa, humo mababu wamezikwa, migomba na kahawa inasimama juu ya historia ya ukoo. Ndiyo maana mpaka ukisogezwa hatua mbili, ndugu wanaweza kukaa miaka kumi bila kuchangia kibuyu. Krismasi watakutana wote kanisani, watapeana mkono wakati wa kutakiana amani, halafu kila mmoja atapita njia yake. Yesu aliyasemea haya katika Mathayo 5, kwamba ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka, uende kwanza ukapatane naye. Ona kwamba hakusema ukikumbuka wewe una neno juu ya ndugu yako. Hilo tunalikumbuka bila kukumbushwa. Alisema ndugu yako akiwa na neno juu yako.

Ushauri wangu ni huu: usilipeleke suala hilo kwenye meza ya Krismasi, watu wakiwa wameshakunywa. Nenda mapema, siku moja au mbili kabla, mchana, na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Kama ulichukua kisicho chako, sema utakirudisha lini. Ukirudi bila mwafaka, umefanya sehemu yako, na Paulo katika Warumi 12 anakubali kwamba amani na watu wote hutegemea upande wako kwa kadiri inavyowezekana. Mtume alijua kuna watu hawapataniki.

Tuje kwenye fedha, maana najua ndiko wengi wanakougulia. Siku 40 baada ya kuzaliwa, Yesu alipelekwa hekaluni Yerusalemu. Torati, katika Walawi 12, iliagiza mama aliyejifungua alete mwanakondoo. Lakini ikaongeza kwamba asiyeweza mwanakondoo alete hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Luka anataja sadaka ya ndege wawili. Kwa maneno mengine, Yusufu na Mariamu walipanda hekaluni, mbele za watu, na sadaka ya maskini mikononi. Kila aliyewaona alijua uwezo wao.

Nimeitafakari sana picha hiyo. Hawa ni watu walioambiwa na malaika kwamba mtoto wao ni Mwana wa Aliye Juu. Kama kuna wazazi waliokuwa na sababu ya kukopa ili sherehe ilingane na heshima ya mtoto, ni wao. Hawakukopa mwanakondoo. Walitoa kile ambacho sheria ya Mungu mwenyewe ilikuwa imewawekea watu wa hali yao, na wakashuka na kwenda zao.

Sisi je? Vikoba vingi huvunjwa mwezi huu, wanachama wanagawana akiba ya mwaka mzima, na kuna nyumba ambako fedha hiyo haivuki Sikukuu ya Kufungua Zawadi. Nguo mpya za watoto, mbuzi, kreti za soda, nauli ya kwenda na kurudi, na bahasha ya kila mzee maana "mtu wa mjini" hawezi kufika mikono mitupu. Sehemu kubwa ya gharama hiyo haitokani na upendo, inatokana na hofu ya kusemwa. Kisha Januari inaingia na michango ya shule, sare, madaftari na kodi ya nyumba ya miezi sita, na yule aliyeonekana bwana mkubwa kijijini anarudi mjini kukwepa simu za wanaomdai. Halafu anamwomba mchungaji amwombee apate amani ya moyo. Mchungaji ataomba, na Mungu anasikia. Lakini maombi hayo yangeanza vizuri zaidi tarehe 20 Desemba kwa mume na mke kukaa na kalamu na karatasi, waandike ada kwanza, na kinachobaki ndicho kiwe Krismasi. Kama kinachobaki ni kuku mmoja, basi ni hua wawili hao. Mwambie mama kijijini ukweli. Akina mama wengi wa kijijini wanaujua ufukara kuliko wewe, wala hawatauogopa.

Palepale hekaluni wazazi hao walikutana na mzee Simeoni. Tunampenda Simeoni kwa sababu alimshika mtoto mikononi na kumwambia Mungu kwamba sasa anaweza kumruhusu mtumishi wake aende zake kwa amani. Kila mkesha wa maiti unaoongozwa vizuri hufika kwenye maneno hayo. Lakini soma aya tatu au nne mbele. Mzee huyohuyo, katika mazungumzo hayohayo, anamgeukia Mariamu na kumwambia kwamba upanga utaingia moyoni mwake. Amani na upanga vimetajwa kwa pumzi moja, na mtoto ana siku 40 tu. Simeoni hakuona kwamba jambo moja linafuta jingine. Mariamu naye hakujibu kitu. Mwanzo wa sura ileile Luka amekwisha kutuambia tabia yake: aliyaweka mambo moyoni na kuyatafakari. Hapakuwa na maelezo ya kumpa, na yeye hakuyalazimisha.

Kwako uliyefiwa mwaka huu, nadhani hapa ndipo penye chakula chako. Usiruhusu mtu akuambie kwamba ukilia siku ya Krismasi imani yako ni haba. Mama wa Yesu alipewa upanga ndani ya sikukuu.

Mtu wa nyakati zetu anayenisaidia kulielewa hili ni mchungaji Mlutheri wa Ujerumani, Dietrich Bonhoeffer. Alikamatwa tarehe 5 Aprili 1943 kwa kuwa upande wa wanaompinga Hitler, na Krismasi ya mwaka huo ilimkuta katika gereza la Tegel, Berlin. Kabla ya sikukuu aliwaandikia wazazi wake wasimhuzunikie mno. Aliwaeleza kwamba mfungwa huenda akaielewa Krismasi kwa undani kuliko watu wengine, maana habari ya Mungu aliyezaliwa zizini kwa kukosa nafasi kwenye nyumba ya wageni humwingia kwa urahisi. Kwa rafiki yake mmoja aliandika kwamba chumba cha gereza kinafanana na Majilio: unangoja, unajishughulisha na hili na lile, na mlango umefungwa, ufunguo uko kwa aliye nje.

Ukisoma hayo unaweza kudhani alikuwa mtu asiyetikisika. Mwenyewe alikanusha. Mwaka 1944 aliandika humohumo gerezani shairi la kujiuliza yeye ni nani hasa. Wenzake na walinzi walimwona ametulia na mchangamfu anapotoka chumbani mwake. Yeye alijijua kwamba ndani amechoka, ana wasiwasi, anatamani nyumbani. Alikuwa anajibu "salama" kama sisi, na "ila" yake ikamjaa kifuani. Alichofanya mwishoni mwa shairi hilo si kuchagua kati ya Bonhoeffer wa nje na wa ndani. Alimwachia Mungu swali hilo, akakiri kwamba yeyote aliye, yeye ni wa Mungu. Hakufunguliwa. Alinyongwa kambini Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945, akiwa na miaka 39, mwezi mmoja kabla vita havijaisha Ulaya.

Nadhani hapa tumefika kiini. Wengi tunaitafuta amani ya moyo kama hali fulani ya kujisikia, utulivu unaoshuka kifuani, usingizi mzuri, moyo usiodunda. Hayo Mungu huyatoa mara nyingi, na tukiyapata tushukuru. Ila siku yasipokuwapo, mtu hudhani Mungu ameondoka. Amani ya Krismasi imesimama mahali pengine, katika jina la mtoto ambalo Mathayo analitafsiri: Mungu pamoja nasi. Naye amekuja alipo mtu, hata kama pale alipo mtu ni zizini. Paulo, akiwa mfungwa, aliwaandikia Wafilipi kwamba amani ya Mungu italinda mioyo yao, na neno la Kigiriki alilotumia ni la askari anayeshika lindo. Filipi lilikuwa koloni la Kirumi lenye askari wastaafu wengi, kwa hiyo waliielewa picha hiyo bila maelezo. Mlinzi husimama lindoni kwa sababu kuna hatari nje. Anayelindwa anaweza kuwa amelala, anaweza kuwa macho anaogopa. Lindo lipo vilevile.

Sasa ule uangalifu nilioutaja. Wapo watu wanaoambiwa "kuwa na amani, mwachie Mungu" mahali ambapo Mungu mwenyewe amewaambia waondoke. Nabii Yeremia aliwakemea viongozi waliotibu jeraha la watu juujuu na kutangaza amani wakati hapakuwa na amani. Mke anayepigwa, akaja kanisani na jicho limevimba, akaambiwa avumilie kwa sababu ni Desemba na watoto wako nyumbani, ametibiwa juujuu hivyohivyo. Mtazame Yusufu. Alipoonywa kwamba Herode anamtafuta mtoto, aliamka usiku uleule, akamchukua mtoto na mama yake, wakaondoka kwenda Misri. Imani yake haikumzuia kufunga mizigo. Na baadaye, Herode alipokufa, Mathayo anaandika waziwazi kwamba Yusufu aliogopa kwenda Uyahudi kwa sababu ya Arkelao, mwana wa Herode, akageukia Galilaya. Mtakatifu aliogopa, akabadilisha njia, na Mungu alikuwa pamoja naye.

Vivyo hivyo kwa mtu ambaye wiki nyingi sasa halali, hali, na mawazo yanampeleka pabaya. Ndugu yangu, dada yangu, omba, na pia nenda hospitali ukamweleze daktari. Dawati la ustawi wa jamii lipo kwenye hospitali nyingi za wilaya. Luka aliyetuandikia habari hii ya Bethlehemu, Paulo anamtaja katika Wakolosai 4 kuwa ni tabibu.

Siku zilizobaki ni chache na shughuli ni nyingi, kwa hiyo sitakuongezea orodha. Lakini tafuta nusu saa kabla ya mkesha, simu ikiwa imezimwa, usome Luka 2 yote mpaka mwisho na Mathayo 2 yote, uone mwenyewe nani alitulia na nani hakutulia. Kisha sema ile "ila" yako kwa Mungu, kwa maneno yale ambayo ungemwambia rafiki, kiasi cha deni ukikitaja kwa tarakimu na ndugu mliyekosana ukimtaja kwa jina.

Na kama mwaka huu msiba ulikupita wewe ukamgusa jirani, nenda kwake siku ya Krismasi. Usipige simu kuuliza kama anahitaji kitu, atakujibu salama. Beba chakula kilichokwisha kupikwa, maana huenda hajawasha jiko. Ukifika usianze kumweleza kwa nini Mungu aliruhusu. Chota maji, osha vyombo, cheza na watoto. Akianza kumzungumzia marehemu, msikilize, na wewe mtaje kwa jina. Saa ngumu huwa ni zile za kuanzia saa kumi jioni, wageni wa asubuhi wakishaondoka na redio za majirani zikiwa juu. Jaribu uwe umebaki.